Kaimati za kwanza: mwongozo kwa anayeogopa rojo

Kila Ramadhani ikikaribia, maswali ni yale yale. Mbona kaimati zangu zimebapa? Mbona nje zimeiva na ndani ni unga mbichi? Mbona magharibi zilikuwa kavu, kufika daku zimekuwa kama sponji? Na lile la wote: "Mimi sina mkono wa kaimati, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa kurekodi sauti kwenye WhatsApp huku nimeshika mwiko, basi nimeandika mara moja.

Nianze na hilo la mkono. Kudondosha kaimati ni ufundi, sikatai, lakini ni ufundi unaoshikwa kwa karai mbili tatu tu. Kinachowaangusha wengi kiko nyuma ya hapo: rojo jepesi na moto uliokosewa. Rojo likikaa sawa, hata mkono mgeni hutoa kaimati za kuliwa, japo si za duara. Rojo likiwa maji, hata aliyezipika miaka 40 haokoi kitu.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nililegeza rojo ili "liwe rahisi kudondosha". Likawa rahisi kweli, likatiririka. Shangazi akachungulia karai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizi ni kaimati au vibibi?"

Mombasa tunaita kaimati, Unguja na Dar utasikia kalimati. Oman na Falme za Kiarabu kuna ndugu yake, luqaimat, ambayo mara nyingi humwagiwa asali ya tende. Hizi za hapa ni za kwetu pwani: za hamira na tui, zilizovishwa shira.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha jiko

Kikombe ninachosema ni kile cha kupimia cha mililita 250, si kikombe cha chai cha kabatini. Vipimo hivi vinatosha watu 5 au 6.

Rojo:
- Unga wa ngano mweupe, vikombe 2 (kama gramu 250)
- Hamira ya chenga, kijiko 1 cha chai
- Sukari, kijiko 1 kikubwa
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai
- Unga wa mchele, kijiko 1 kikubwa (si lazima, ila husaidia kaimati kukauka vizuri)
- Tui jepesi la vuguvugu, robo tatu ya kikombe, na maji ya vuguvugu kidogo pembeni

Shira:
- Sukari, kikombe 1
- Maji, nusu kikombe
- Ndimu, matone machache
- Iliki kidogo, na zaafarani nyuzi chache kama unazo

Mafuta ya kukaangia, lita 1 hivi. Vyombo: bakuli kubwa lenye kina, karai au sufuria nzito, mwiko wa matundu, chujio la kukaushia mafuta, na kibakuli cha maji ya kulowesha mkono.

Juu ya unga niseme kidogo, maana hapa ndipo walioko nje ya nchi hukosea. Usinunue ule uliochanganywa baking poda tayari. Ule mkali wa kupikia mikate nao hufanya kaimati kuvutika mdomoni kama mpira. Chukua unga mweupe wa kawaida, basi. Na tui liwe jepesi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iache kwa wali na samaki. Humu huongeza mafuta juu ya mafuta. Ukiwa na tui la kopo, changanya nusu kwa nusu na maji.

Kama umefunga, pima chumvi na sukari kwa kijiko, usikisie kwa kuwa huwezi kuonja. Na anza mapema. Magharibi ikiwa saa 12 na nusu, rojo liwe limeshapigwa saa 9 alasiri. Anayeanza saa 11 huishia kukaanga unga ambao haujaumuka huku adhana inamkimbiza.

Hatua kwa hatua

1. Iamshe hamira. Tia hamira na ile sukari kwenye robo kikombe ya tui vuguvugu, koroga, acha dakika 10. Vuguvugu maana yake ukichovya kidole usihisi baridi wala kuungua. Tui la moto linaua hamira na hakuna dawa yake. Ikitoa povu juu, endelea. Ikikaa kimya kama chai iliyopoa, imekufa. Imwage, ununue nyingine. Najua hamira ya chenga inaweza kutiwa moja kwa moja kwenye unga, lakini pakiti iliyofunguliwa tangu Idi iliyopita siiamini mpaka nione povu.

2. Changanya. Kwenye bakuli weka unga wa ngano, unga wa mchele, chumvi na iliki. Mimina hamira yako, kisha tui lililobaki, kidogo kidogo, ukichanganya kwa mkono. Ukimaliza tui, rojo bado litakuwa zito kupita kiasi. Sasa ongeza maji kwa kijiko kikubwa, kimoja kimoja. Mimi huishia vijiko 2 au 3. Wewe vinaweza kuwa 1 au 4, maana unga haufanani: mwingine unakunywa maji, mwingine unayakataa. Ndiyo maana anayeniuliza "maji kiasi gani hasa?" simpi jibu la kumridhisha.

3. Lipige. Hii ndiyo hatua ambayo watu huikimbia, na ndiyo yenyewe. Kunja vidole kama unayechota maji, zamisha mkono mpaka chini ya bakuli, livute rojo juu, liachie lianguke. Tena. Tena. Mwanzoni litakuganda vidoleni na kukatikakatika, lina vidonge. Baada ya dakika 4 au 5 litaanza kulainika na kung'aa, na utasikia sauti yake ikibadilika: pwa, pwa, pwa, hewa inanaswa ndani. Endelea mpaka dakika 8 au 10. Mkono utauma. Badilisha mkono, au mwite mtoto aliyekuwa anauliza futari itakuwa tayari saa ngapi.

Lijaribu hivi: chota kijiko kimoja, kipindue juu ya bakuli. Likimwagika papo hapo kama uji, ni jepesi. Liking'ang'ania kijiko kama unga wa chapati, ni gumu. Linalofaa huning'inia kidogo kama linalojiuliza, kisha hushuka taratibu kwa donge moja, likiacha mkia unaovutika kama ulimbo.

Jepesi? Ongeza unga kijiko kimoja kikubwa, piga tena dakika 2, jaribu tena. Fanya hivyo sasa hivi, kabla halijaumuka. Ukiongeza unga mbichi kwenye rojo lililokwisha kuumuka, utakutana nao kwenye kaimati, mweupe na mchungu.

4. Lifunike liumuke. Mfuniko au kitambaa kibichi, mahali pasipo na upepo. Kwa joto la Mombasa, Tanga au Dar, dakika 45 hadi saa 1 inatosha. Arusha, Iringa au Limuru, ngoja hata saa 1 na nusu. Aliye London wakati wa baridi aweke bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwa imewashwa, au alikalishe juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu. Usitazame saa, tazama rojo: liwe limepanda karibu mara mbili, na juu limejaa vitundu.

Likishaumuka, usilipige tena. Ile hewa uliyoihangaikia ndiyo itakayofanya kaimati ziwe nyepesi.

5. Pasha mafuta. Yawe na kina cha vidole vinne vilivyolazwa, lakini yasivuke nusu ya karai, kwa sababu kaimati zikiingia yatapanda. Moto wa wastani. Dondosha tone la rojo: likizama likakaa chini, bado, likipanda juu hapo hapo na kuwa la kahawia ukihesabu mpaka tano, yamezidi moto, punguza na usubiri. Linalotakiwa ni tone kuzama, kusita kidogo, kisha kupanda likizungukwa na povu dogo dogo.

Anayetumia jiko la makaa ajue kwamba moto wake haupungui kwa kuzungusha kitufe. Toa makaa mawili matatu kabla hujaanza, au uwe tayari kuepua karai na kuirudisha.

6. Dondosha. Lowesha mkono wa kushoto, ukung'ute. Narudia, ukung'ute: tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto hurusha mafuta usoni. Chota rojo kiganjani kutoka ukingoni mwa bakuli bila kulivuruga lote. Funga ngumi polepole, kuanzia kidole cha mwisho. Rojo litachomoza juu, kati ya kidole gumba na cha shahada, kama kipovu. Likifika ukubwa wa ndimu ndogo, likate kwa kijiko kilicholoweshwa kwa mkono wa kulia, ulisukumie kwenye mafuta. Ushuke karibu na mafuta. Woga humfanya mtu adondoshe kutoka juu, na mafuta yanayoruka hutokana na woga huo huo.

Mkono ukikushinda, tumia vijiko viwili vya chai: kimoja cha kuchotea, kingine cha kusukumia, vyote umevichovya kwenye mafuta kwanza. Zitakuwa na pembe kidogo. Zikishavaa shira hakuna atakayejua, na atakayejua atakula.

Usijaze karai. Kaimati 10 au 12 kwa mkupuo zinatosha. Zikizidi, mafuta yanapoa na kaimati zinayanywa.

7. Zigeuze bila kupumzika. Mara tu zinapopanda, pitisha mwiko wa matundu juu yake kwa upole, uzizungushe ziviringike. Kaimati iliyoachwa peke yake huiva upande mmoja, ikawa nyeusi tumboni na nyeupe mgongoni. Kwa moto wa wastani zinahitaji dakika 6 hadi 8. Ukiona zimepata rangi dakika ya 2, usishangilie: moto ni mkali, ndani bado mbichi. Zikikaribia, povu linapungua na kaimati zinakuwa nyepesi juu ya mwiko. Zigonge kwa ncha ya mwiko. Zikilia kavu, ko-ko, zitoe ziingie kwenye chujio. Usizirundike kwenye bakuli lenye mfuniko, mvuke utazilainisha.

8. Sasa shira, mwisho kabisa. Wengine huipika mapema, nami sikatazi, ila mwanafunzi aliye peke yake jikoni hawezi kulinda karai na shira kwa pamoja. Weka sukari na maji kwenye sufuria pana, koroga sukari iyeyuke, kisha ikianza kuchemka toa kijiko. Ukiendelea kukoroga itarudi kuwa chenga. Tia matone ya ndimu, ambayo nayo huizuia kuganda, na iliki na zaafarani. Iache ichemke kwa moto wa wastani kama dakika 7.

Jaribu kwa kudondosha tone kwenye sahani baridi. Ngoja lipoe, libonye kati ya vidole viwili, uviachanishe polepole. Ukiona uzi mmoja unavutika kabla ya kukatika, iko tayari, zima moto. Kama haujavutika, dakika 1 zaidi ujaribu tena. Usijaribu kwa kuchovya kidole kwenye sufuria. Sukari inayochemka inaunguza vibaya kuliko maji, kwa sababu inaganda kwenye ngozi na haimwagiki.

9. Zivishe. Kaimati ziwe zimepoa kidogo, shira iwe ya moto. Zimwage zote ndani ya sufuria ya shira, shika mikono yake kwa kitambaa, uzipepete kama unayepepeta mchele, dakika 2 hivi, mpaka kila moja ing'ae na shira isibaki chini. Zitandaze kwenye sinia, zisigusane sana.

Pale mambo yanapoharibika

*Zimebapa.* Rojo jepesi, tisa kwa kumi. Kama liko bakuli zima na umeshaona la kwanza limebapa, tia unga vijiko 2, piga, funika nusu saa nyingine. Si nzuri kama la mwanzo lakini inaokoa.

*Nje kahawia, ndani mbichi.* Moto mkali, au umezidisha sukari na maziwa kwenye rojo, vitu vinavyopata rangi upesi. Utamu ni kazi ya shira, si ya rojo.

*Zimenywa mafuta.* Mafuta hayakuwa ya moto, au ulizijaza nyingi kwa pamoja.

*Zina mikia.* Mkono umekauka, au kijiko kimekauka. Lowesha kila baada ya kaimati tatu nne. Rojo lililokaa likaumuka kupita kiasi nalo hutoa mikia. Na mikia, kusema kweli, ndiyo watoto wanayoipenda.

*Zinanuka hamira.* Umezidisha hamira ili liumuke haraka. Muda haununuliwi kwa hamira. Hili wanalifanya sana wale wa saa 11.

*Shira imekuwa chenga nyeupe.* Ulikoroga, au iliiva mno. Kama kaimati hazijaingia, ongeza maji vijiko 2 na ndimu, irudishe motoni. Kama zimeshavishwa, ziache hivyo hivyo, zitakuwa na sukari nyeupe ya kukauka kama visheti. Mimi ningesema ndivyo nilivyokusudia.

*Shira imekuwa jiwe.* Imepita uzi. Maji kidogo, moto mdogo, subira.

*Zimelainika baada ya saa moja.* Aidha ulizitoa mapema kabla hazijakauka, au shira ilikuwa maji ikazilowesha, au ulizifunika zingali na joto. Za kupelekea jirani ziweke kwenye chombo kilicho wazi, kitambaa juu.

Maswali yanayobaki

Baking poda badala ya hamira? Utapata kitu kitamu cha kukaanga, lakini kizito na kisicho na uwazi ndani. Kiite jina lingine.

Kuoka kwenye oveni, au kwenye zile mashine za kukaangia kwa upepo? Rojo hili linasimama duara kwa sababu mafuta yanalikumbata pande zote. Ukilimwaga kwenye trei litalala chali.

Rojo la kulaza usiku? Linawezekana, ukitia hamira nusu na kuliweka kwenye friji likiwa limefunikwa. Litoe lipoteze baridi kabla ya kukaanga.

Mafuta yatumike tena? Ndiyo, yachuje yakipoa. Kama siku hiyo kuna sambusa na viazi karai, kaanga kaimati kwanza, maana mafuta yaliyopitia nyama na kitunguu hayafichi siri. Yaliyokaanga samaki usiyafikirie kabisa. Na mafuta yakishika moto, Mungu aepushe, zima jiko na ufunike karai kwa mfuniko au sinia kavu. Maji hapana, hata kidogo.

Vipimo hivi vinatoa ngapi? Kati ya 35 na 40, kutegemea ngumi yako. Hapa kwangu zinazofika mezani ni 30. Nyingine hupotea pale kwenye chujio kabla ya shira, na waliofunga wote wanakana.